Mwanamke wa Mchoro Namba Tisa

Katika nyumba ile kulikuwa na siri mbili, na zote mbili alizibeba shangazi. Ya kwanza alipewa na binti wa kaka yake, jikoni, mikono ikiwa ndani ya beseni la vyombo. Ya pili alipewa na kaka yake mwenyewe, wiki chache baadaye, alipokuwa akimtafutia tai ambayo haijaliwa na mende. Kila mmoja alimwapisha kivyake. Kila mmoja alimwambia, "Asijue mtu, hasa yule wa humu ndani." Shangazi alikuwa mtu wa kuapa na kutimiza, basi akafunga mdomo akaendelea kupika.

Siri ya binti ilikuwa hii: ameingia shindano la chama cha wasanifu majengo. Kila mwaka chama kilijitolea kusanifu jengo moja la umma bila malipo, na mwaka huu lilikuwa banda la watu wanaosubiri wagonjwa nje ya hospitali kuu. Mshindi angejengewa alichokichora na kuvishwa nishani mbele ya wenzake. Siri ya baba ilikuwa kwamba jaji mmoja wa shindano hilohilo aliugua ghafla baada ya michoro kupokelewa, na mwenyekiti wa jopo akamwomba yeye, mstaafu, azibe pengo. Majaji hawaruhusiwi kujitangaza mpaka matokeo yatoke. Siri hizo ukiziweka chumba kimoja zitapigana, lakini shangazi hakuwa na habari za kanuni. Kwake yeye kuchora ni kuchora na kuhukumu ni kuhukumu, na alifurahi kimoyomoyo kwamba hatimaye watu wa nyumba ile wamepata cha kuwachangamsha.

Kuchangamka kulihitajika. Tangu mama wa nyumba afariki, baba hakushika penseli. Wenzake walikuwa wakimwita Rula, kwa sababu hakuvumilia mstari uliopinda wala mtu aliyepinda, na Rula huyo sasa alikuwa akishinda kibarazani akisoma gazeti la jana.

Kabla ya kukubali ujaji alimchunguza binti yake kwa mbali, wakinywa chai.

"Na wewe, hili shindano la hospitali hukuingia?"

"Kazi za ofisini zimenifika hapa, Baba." Binti akajionyesha shingoni.

"Basi."

"Mbona umeuliza?"

"Naongea tu. Au siku hizi kuongea na mtoto wako ni mpaka uombe miadi?"

Haukuwa uongo mtupu. Kazi za ofisini zilikuwa zimemfika shingoni kweli. Baba akatia sahihi kwamba hana ndugu katika shindano, na alitia sahihi kwa moyo mweupe.

Binti naye alikuwa na sababu zake za kuficha. Mwaka uliotangulia alisanifu vyoo vya shule moja ya wasichana, vyoo vyenye milango inayofungika na mahali pa kunawa, na chama kikavitaja kwa sifa katika mkutano mkuu. Baada ya makofi watu walipanga foleni kumpa mkono baba yake. "Mkono haujapotea, Rula!" walimwambia. Mmoja, kashika sahani ya chakula, alimgeukia binti na kumnasihi: "Mshukuru mzee wako, mama. Si kila mtu ana baba wa kumsaidia." Binti alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Baba yake hakuwa ameviona vyoo vile hata kwenye karatasi. Alijaribu kuwaambia watu hivyo, nao wakamcheka na kumsifu kwa unyenyekevu.

Ndiyo maana shindano hili lilimkaa rohoni. Michoro ilipelekwa bila jina, kwa namba tu. Kwa mara ya kwanza watu wasiomjua wangemwambia kama anaweza au hawezi. Akajificha kwa bidii zote. Alibadilisha mwandiko, alibadilisha alama ya kaskazini ambayo alikuwa akiichora kama baba yake, alibadilisha hata miti. Majengo aliyachora kwa kompyuta, na watu, kama kawaida yake, aliwachora kwa mkono. Kuhusu watu hao hakujiuliza chochote.

---

Siku ya kuhukumu baba alitoka asubuhi na tai shingoni.

"Unaenda wapi umependeza hivyo?" binti akauliza.

"Kikao cha chama."

"Haya, wasalimie. Wakikupa keki niletee."

Shangazi aliwatazama wote wawili akatabasamu kama mtu aliyeficha zawadi chini ya kitanda.

Ukumbi wa chama ulikuwa ghorofani, juu ya duka la rangi, na siku zote ulinuka rangi mbichi. Michoro ilikuwa imebandikwa kwenye mbao kuzunguka chumba. Majaji walikuwa watano: mwenyekiti, ambaye ni mama wa makamo aliyekuwa mwanafunzi wa Rula na mpaka leo humwita Mwalimu; mhandisi mnene mwenye mizaha, msanifu mmoja kijana mwenye miwani, matroni wa hospitali, na Rula mwenyewe, ambaye alishinda akizunguka mikono nyuma, amefurahi kama mtu aliyerudi nyumbani.

Kufikia adhuhuri ilibaki michoro miwili, namba nne na namba tisa. Namba nne ilikuwa na paa kubwa lililopinda kwa madaha.

"Hili likipigwa picha litafika mbali," mhandisi akasema.

"Picha hazisubiri wagonjwa," akajibu kijana wa miwani. "Tazameni tisa. Benchi limegeuzwa kuelekea mlango wa wodi. Mtu haachi kiti chake kwenda kuchungulia kama ameitwa."

"Na hiki kibao," matroni akasema, akinyoosha kidole bila kugusa karatasi. "Cha kuwekea chupa ya chai. Wanashinda wameikumbatia ile chupa, hawataki kuiweka chini kwenye uchafu. Huyu aliyechora hapa amewahi kusubiri."

Mwenyekiti akamgeukia mzee. "Mwalimu?"

"Tisa," akasema Rula. "Toka asubuhi nilikuwa nasema tisa, nilikuwa nawasubiri nyinyi tu."

Wakacheka, wakainua mikono, na yakaisha. Mwenyekiti akamwomba aandike maneno machache ya sifa yatakayosomwa siku ya nishani, kwa kuwa hakuna aliyeyaweza maneno kama yeye. Rula akatoa lenzi yake mfukoni akasogea kwenye namba tisa kutafuta cha kusifia.

Wasanifu huweka mtu kwenye mchoro ili anayetazama ajue ukubwa wa mlango, urefu wa dari. Wengi huweka mtu yeyote, kivuli tu. Rula, tangu siku za uchumba, aliweka mwanamke mmoja: mkoba ameutundika kwenye kiwiko badala ya begani, kichwa kimeinama upande kama anayemsikiliza jirani. Alikuwa mke wake. Alimchora kwenye milango ya benki, ya shule, ya maghala, siku zote akiwa amesimama, maana ndivyo mlango unavyopimwa. Alipofariki, mlango usio na yeye hakuuona una maana.

Sasa alikuwa hapa, chini ya lenzi, mdogo kuliko ukucha. Mkoba kwenye kiwiko. Kichwa upande. Lakini amekaa. Kiatu kimoja amekivua na unyayo ameupumzisha juu yake, vilevile kama alivyokuwa akifanya nyumbani miguu ikimvimba, jambo ambalo Rula hakuwahi kulichora na ambalo alikuwa karibu kulisahau.

"Bibie," akasema.

"Unasemaje, Mwalimu?"

"Huyu mke wangu."

Kila aliyekuwa mle chumbani alijua marehemu ni nani, na wanachama wote walijua kwamba kuna mtu mmoja tu aliyejifunza kuchora kwa kunakili michoro ya Rula sakafuni, tangu akiwa na meno ya utoto. Kanuni ilikuwa wazi: ndugu wa jaji hashindani.

Mhandisi ndiye aliyewahi. Akacheka kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. "Ah, Rula! Tukishazeeka hivi wake zetu tunawaona kila mahali. Mimi wangu nilimwona juzi kwenye noti."

"Amefanana," akasema mwenyekiti polepole, akimkazia macho mwalimu wake. "Mimi nimesikia umesema amefanana."

"Hata mimi nimesikia hivyo," akasema kijana wa miwani, na akaanza kufuta miwani ambayo haikuwa na vumbi.

Matroni alitazama dirishani.

Walikuwa watu wema, na walichokuwa wakimpa kilikuwa wema. Alihitaji kuitikia tu. Hata kutingisha kichwa kungetosha. Banda lingejengwa, mwanawe angevishwa nishani, na hakuna mgonjwa wala msubiri ambaye angedhulumiwa. Rula aliyajua hayo yote. Akafungua mdomo aseme amefanana. Akatazama tena chini ya lenzi.

"Hakufanana," akasema. "Ni yeye. Kazi hii ni ya binti yangu."

Mwenyekiti akainamisha uso. Baadaye akaenda mwenyewe ubaoni, akang'oa pini moja baada ya nyingine, akaukunja mchoro namba tisa kwa uangalifu sana.

---

Alirudi nyumbani alasiri, tai imo mfukoni. Binti alikuwa mezani anakata mkate, shangazi anapiga pasi.

"Keki yangu iko wapi?"

Baba akakaa. Alikuwa amepanga maneno njia nzima, na yote yakamtoroka.

"Namba tisa," akasema.

Kisu kikasimama. "Namba tisa nini?"

"Nilikuwa jaji. Yule mwenzetu aliugua, wakaniita mimi. Sikujua kama umo. Nilikuuliza, ukaniambia kazi zimekufika shingoni."

Binti akamgeukia shangazi, kwa sababu uso wa shangazi ulikuwa umebadilika rangi.

"Shangazi, ulijua?"

"Nilijua nini? Wewe uliniambia unachora. Yeye akaniambia anahukumu. Kila mmoja kaniapisha, mmoja kwa Mungu, mwingine kwa kaburi la mama yetu!" Shangazi akaanza kulia. "Mimi nilifurahi. Nilisema, ataona kazi ya mwanawe, atafurahi. Mimi nitajuaje kama kuna ubaya baba kuona kazi ya mwanawe?"

Hapo pasi ikaacha alama ya kahawia kwenye shuka, na hakuna aliyejali.

"Wamenitoa," binti akasema.

"Nimekutoa mimi." Aliona afadhali aseme mwenyewe. "Mwanamke yule uliyemchora. Nilimtambua."

"Mwanamke gani?"

Na kweli hakujua. Ilimbidi baba amweleze: mkoba, kichwa, kiatu. Binti alisikiliza mdomo wazi. Kwake yeye yule hakuwa mama yake, wala hakuwa alama ya mtu. Mtu wa kwenye mchoro alikuwa hivyo, basi. Alifundishwa hivyo kabla hajajua kusoma. Alificha kila kitu akamwacha mama yake katikati ya karatasi, mahali pa wazi kuliko pote.

"Wengine walimtambua?" akauliza.

"Hapana. Mpaka niliposema."

"Walikuwa wanasemaje kabla hujasema?"

Angeweza kumpunguzia uchungu kwa uongo mdogo, lakini tayari siku ile alikuwa ameshindwa uongo mdogo mmoja. "Ulikuwa umeshinda. Umeshinda, yaani. Wote watano walikuwa wamenyoosha mikono."

Binti aliweka kisu chini. Alikuwa mwanamke mzima, mwenye wateja na ofisi ya kupanga, lakini sauti iliyomtoka ilikuwa ya mtoto aliyenyang'anywa kitu mkononi.

"Basi ungenyamaza! Mara moja tu, Baba. Miaka yote mimi ni mkono wa Rula, mkono wa Rula. Leo watu wasionijua wamesema kazi ni nzuri, na wewe unafungua mdomo kuwaambia mimi ni wa nani."

"Kanuni ni kanuni, mwanangu."

"Kanuni!" Akainuka. "Ndugu na jamaa wanapeana zabuni za mamilioni kila siku mchana kweupe, mimi kanuni inanikuta kwenye kibanda cha kusubiria."

Akaingia chumbani mwake. Hakuubamiza mlango, aliufunga taratibu, na hilo lilimuumiza baba zaidi.

---

Asubuhi mwenyekiti alimpigia baba simu. Banda litajengwa kwa mchoro namba nne. Namba tisa utarudishwa kwa mwenyewe, na chama kinasikitika. Aliongeza, kwa sauti ya chini, kwamba matroni ameomba namba nne iongezewe kile kibao cha chupa ya chai, kama binti hatajisikia vibaya.

"Wakichukue," binti akamjibu baba yake bila kumtazama. "Wachukue na benchi. Si vya mtu."

Alisema vile, lakini roho ilikuwa ikimwaka. Alijiona amesimama pembeni siku ya ufunguzi, miongoni mwa wageni, akipiga makofi. Na asingeweza kumwambia mtu hata mmoja kwamba kibao kile ni chake, maana wangemuuliza alikitoa wapi, na angelazimika kuanza na baba yake.

Baba alisimama mlangoni pa chumba, hataki kuingia, hataki kuondoka.

"Mbona umemkalisha?" akauliza.

"Nani?"

"Mama yako. Mimi sikumkalisha hata siku moja."

Binti akamtazama kwa mara ya kwanza tangu jana. "Kwa sababu hakukuwa na pa kukaa," akasema. "Ulipokuwa umelazwa. Hakukuwa na pa kukaa, Baba, alisimama. Nilikuwa nampelekea chai namkuta amesimama."

Rula alilazwa hospitali kuu miaka miwili kabla mkewe hajafariki. Alikumbuka upasuaji, alikumbuka dari ambayo ilimkera kwa ubovu wa kazi. Alimkumbuka mkewe akiingia saa za kuona wagonjwa, amechana nywele, anamtania. Nje ya saa hizo hakuwahi kujiuliza yuko wapi. Alidhani yuko nyumbani.

"Nionyeshe," akasema.

---

Walifika muda wa kuona wagonjwa ukianza. Geti lilifunguliwa, watu wakamiminika ndani, na ukutani wakabaki wale ambao wodi zao huruhusu mgeni mmoja mmoja. Wengine walichuchumaa. Mama mmoja alikuwa ameegemea ukuta, chupa ya chai kifuani, amefumba macho.

"Hapa," binti akasema. "Kati ya nguzo ya taa na hili bomba. Alipapenda hapa kwa sababu pana ukingo kidogo wa paa."

Baba akatazama juu. Ukingo ulikuwa mfupi kuliko mkono wake.

"Ilikuwa masika," akasema. "Nakumbuka mvua dirishani."

"Ilikuwa masika."

"Lakini alikuwa akiingia mkavu. Siku zote."

"Alibeba gauni la pili kwenye mkoba. Alikuwa akibadilisha chooni kabla ya kuingia, akitoka anavaa lile lililolowa." Binti alikuwa akitazama barabara. "Nilimwambia arudi nyumbani, mimi nitasubiri. Akasema daktari akitoka akikuta hayupo atadhani mgonjwa hana mwenyewe. Akaniambia, usimwambie baba yako, atalala vibaya."

Rula akaenda akasimama kati ya nguzo na bomba. Mgongo wake uligusa ukuta. Alisimama wima, kwa mazoea, kisha mabega yakamshuka, na machozi yakamtoka pale mbele za watu, naye hakuyafuta. Alimtamani mkewe kwa namna ambayo miaka yote ya kibarazani hakuwahi kumtamani. Alitaka amwambie kwamba sasa anajua. Alitaka amkalishe.

"Haikuwa kanuni," akasema alipopata sauti. "Jana nilikudanganya. Waliniambia niseme amefanana. Nilitaka kusema, wallahi nilitaka, kwa ajili yako. Lakini ilikuwa nimtazame usoni niseme si yeye. Sikuweza, mwanangu. Nimekupotezea kitu chako kwa sababu nilishindwa kumkana."

Gari la wagonjwa liliingia, watu wakapisha, geti likafungwa.

"Una hasira bado?" baba akauliza.

"Ninayo."

"Unayo haki."

"Najua ninayo."

Muda wa kuona wagonjwa ukaisha. Watu wakatoka makundi makundi, wengine wakicheka kwa faraja, wengine kimya, wakaachana barabarani. Yule mama mwenye chupa ya chai akafumbua macho, akaona bado hajaitwa, akayafumba tena. Mlinzi akaja akizungusha funguo.

"Shikamoo, mzee. Muda umekwisha. Mgonjwa wako yuko wodi gani?"

"Marahaba. Sina mgonjwa."

"Sasa hapa unasubiri nini?"

"Nimechelewa tu, baba," akasema Rula. "Nimechelewa kidogo."

Mlinzi akamtazama binti, na binti akamwashiria kwa kichwa kwamba amwache. Jua lilikuwa kali, na ukingo ule wa paa haukuwakinga hata nusu. Ofisini binti alikuwa na mteja anayemngoja, na simu ilikuwa ikitetemeka mkobani.

"Baba, twende."

"Ngoja kidogo."

Alitaka kumwambia kwamba hana muda huo. Badala yake akasogea akasimama ubavuni mwake, akaegemeza mgongo ukutani, na ingawa hasira ilikuwa haijamtoka, akangoja.